Nondo Nyuma ya Kibanda

Kwanza nililaumu kapasita,
ile ya kahawia, tumboni imeandikwa 104
kwa herufi za sisimizi.
Niliing'oa kwenye televisheni iliyouawa na radi kule Mlali,
na kitu cha maiti, nikasema, hakikosi mkosi.

Nikaweka nyingine. Mvumo palepale.

Nikalaumu rizista, mapacha wa elfu kumi na tano:
kahawia, kijani, chungwa. Nikawapima mmojammoja,
mita ikawasafisha, nikabaki na aibu yangu.
Nikalaumu chipu. Miguu minane kama buibui,
wa nne una volti kumi na mbili hasi,
wa nane kumi na mbili chanya,
wote wima kama askari wa getini.
Nikalaumu mkono wangu. Nikarudia kulehemu kila kiungo,
moshi ukanipanda machoni, Nyemo akakohoa,
na mvumo, mmmmm, kama mzinga
usiotaka kurinwa.

Ijumaa hiyo. Jumamosi harusi Pandambili,
spika imeahidiwa, malipo ya awali yameshaliwa.

Nilichotaka si kikubwa: kichujio tu,
kazi yake kama chekeche la Foibe pale soko la mahindi,
ila la kwake hudondosha chenga likabakiza punje,
langu lipitishe kizito, miluzi ibaki nje,
spika kubwa isisikie kitu ila kishindo
cha kina mama wa muheme, ngoma wamezibana mapajani.
Mlango nimeujenga mfupi, kwa wanaoinama.
Na mvumo wa umeme nao ni wa chini, hezi hamsini,
unajua kuinama kuliko wote.
Ulifika, ukapiga hodi kwa adabu, ukapita.
Utauzuiaje? Una vigezo vyote.

Nyemo ndiye aliyesema, mdomo umejaa karanga:
"Mjomba, na tukiinyima umeme wa nguzo?"
Tukafungua betri ya pikipiki yake
na ya jirani, jirani hana habari,
tukaziunga: hasi huku, chanya kule, katikati sifuri.

Kimya.
Kimya hadi nikasikia mahindi yakimiminwa guniani
ng'ambo ya barabara kuu.
Kumbe mgonjwa ni sifuri yangu.

Nikazunguka nyuma ya kibanda.
Nondo niliigongelea mwenyewe mwezi Machi,
tope la Kibaigwa likaipokea kama uji upokeavyo mwiko.
Sasa ni Oktoba. Udongo umepasuka, umekauka kama mfupa,
na nondo nikiishika inacheza
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Siku tatu namsulubu kapasita wa watu,
kumbe ardhi yenyewe imeachia mkono.

Ndoo ya maji mia tano, na foleni juu.
Nikachukua yale ya kufulia, meusi, yenye povu,
nikatia chumvi kiganja kizima,
nikamimina polepole, ardhi ikinywa kwa sauti.
Foibe akatokea, beseni tupu mkononi.
"Unamwagilia chuma?"
Nikanyamaza.
"Kikiota uniite. Utavuna nini, misumari?"
Na yale maji, akaongeza, yalikuwa ya kudekia.

Lakini ndani, Nyemo alipowasha,
mvumo ulikuwa umeondoka bila kuaga.
Kisha ngoma. Skrubu zikaruka mezani,
kikombe cha chai kikatembea chenyewe hadi ukingoni,
na kifua changu kikajibu kabla sijakiuliza.
Kapasita ya Mlali nikairudisha mahali pake.
Nilimwomba radhi, kwa sauti ndogo, Nyemo asisikie.

Saa kumi na moja jioni, mmmmm.
Kwa mbali, lakini yeye.
Nikatoka mbio na koleo mkononi:
mbuzi wa jirani amepiga magoti penye nondo,
waya umemkaa shingoni kama shanga,
macho ameyafumba,
analamba chumvi yangu.